Unasihi, tiba ya kisaikolojia, kundi au kikao cha wanandoa: mwanaume aliyeelemewa aanzie wapi?

Mwanaume akishakiri moyoni kwamba jambo linalomwelemea limemshinda, bado kuna mtihani mwingine mbele yake: aende kwa nani? Mmoja anamwambia atafute mnasihi. Mwingine anasema hapo anahitaji mwanasaikolojia. Wa tatu anamsihi aende na mkewe, wa nne analijua kundi la wanaume wanaokutana kila wiki. Wote wanamtakia mema. Yeye anabaki na namba nne kwenye simu na hapigi hata moja.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yake. Sitataja huduma moja iliyo bora kwa kila mtu, maana haipo. Ninachoamini ni kwamba swali la kwanza linahusu mahali tatizo lilipokaa. Limekaa kwenye tukio lililokupata? Kwenye mwenendo unaojirudia mwaka hadi mwaka? Kwenye upweke? Au kati yako na mwenza wako? Ukilijibu hilo, sifa za huduma zinaanza kueleweka. Usipolijibu, unaweza kuingia mahali pazuri kabisa pasipokuhusu, ukatoka ukisema "nilijaribu, haikusaidia", na usirudi tena kwa miaka.

Kutorudi kuna gharama yake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu zaidi ya 700,000 walikufa kwa kujiua, na kiwango cha wanaume kilikuwa 12.6 katika kila watu 100,000 dhidi ya 5.4 kwa wanawake. Wahenga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua, hawakuyatenga maradhi ya moyo na akili.

Kwa hiyo, kabla ya lolote: kama umeanza kupanga kujiua, umefikiria njia au mahali, usihangaike na kuchagua. Mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe sasa hivi, kwa maneno ya wazi, "nafikiria kujiua, naomba usiniache peke yangu." Mpe akuwekee mbali chochote ulichofikiria kukitumia, kisha mwende hospitali kitengo cha dharura. Kuchagua kati ya huduma hizi nne kutakusubiri.

Jitazame kwanza, maana fomu haiulizi kila kitu

Wataalamu wengi hutumia dodoso la PHQ-9 kupima sonona. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, umakini, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 mtaalamu huanza kulichukulia kwa uzito zaidi. Ni kipimo kizuri. Lakini yasome tena hayo maswali. Hakuna linalouliza kuhusu hasira. Hakuna linalouliza kuhusu pombe, kamari, kuendesha gari kwa fujo, au kujizika kazini mpaka usiku wa manane ili usifike nyumbani watu wakiwa macho.

Na huko ndiko sonona ya wanaume wengi inakojificha. Mwanaume huyo hajioni ana huzuni. Anaona watu wamekuwa wakimkera. Halii, anagombana. Analalamikia mgongo na kichwa. Anaweza kujaza fomu akapata alama ndogo huku watoto wake wakinyamaza kila anapoingia sebuleni. Ukijaziwa dodoso lolote, ongeza mwenyewe kile ambacho halikuuliza: nakunywa kiasi gani, nakasirika mara ngapi, nimeacha kuonana na nani.

Nenda pia kwa daktari wa kawaida. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, usingizi unaokatizwa na pumzi kukwama usiku, kisukari na upungufu wa homoni ya kiume vinaweza kuleta uchovu na hali ya chini inayofanana na sonona. Nguvu za kiume zikipungua, usikimbilie kujilaumu wala kumlaumu mwenza. Wakati mwingine ni dalili ya mapema ya matatizo ya mishipa ya damu na moyo, na kuwahi kupimwa kunaokoa zaidi ya ndoa.

Vigezo

Huduma nne nitazipitisha kwenye vigezo vilevile: kile inacholenga, kinachotokea ukishakaa kitini, muda na gharama, usiri, ushahidi wa kwamba inasaidia, na mahali inapokwama. Mwishoni nitasema nani aanzie wapi.

Kila moja inalenga nini

Unasihi, au ushauri nasaha, unalenga jambo la sasa: kufiwa, talaka, kupoteza kazi, uamuzi mgumu, majibu ya hospitali yaliyokutikisa. Mnasihi mzuri hakupi amri. Anakusikiliza kwa namna inayokuwezesha ujisikie mwenyewe unachosema. Mizizi ya kazi hii imeshikwa sana na Mmarekani Carl Rogers, ambaye mwaka 1957 alieleza masharti aliyoyaona kuwa ya lazima ili mtu abadilike, yakiwemo mtaalamu kuwa mkweli, kumkubali mteja bila masharti, na kuingia kwa huruma katika ulimwengu wake.

Tiba ya kisaikolojia inalenga mwenendo. Ni pale unapogundua kwamba umeachana na wenza watatu kwa ugomvi uleule, au kwamba kila bosi anageuka kuwa baba yako. Ndani yake kuna mikondo mingi. Tiba ya utambuzi na tabia, iliyojengwa na daktari wa akili Aaron Beck kule Philadelphia, Marekani, kuanzia miaka ya 1960, inashika mawazo na matendo ya leo. Tiba ya kina, yenye asili ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna, Austria, inarudi nyuma kutafuta ulikojifunzia kuishi hivyo. Kwa kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, kuna tiba maalumu, ikiwemo EMDR ya miondoko ya macho iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987.

Kundi linalenga upweke na aibu. Kuna kundi la tiba linaloongozwa na mtaalamu, mara nyingi watu sita hadi kumi, na kuna kundi la kusaidiana ambalo halina mtaalamu. La kusaidiana linalojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, la watu wanaotaka kuacha pombe, lililoanzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935.

Tiba ya wanandoa inalenga kile kilicho katikati ya watu wawili. Mteja wa mtaalamu hapo ni uhusiano wenyewe, si mume wala mke, na hili ni vizuri ulijue kabla hujaingia ukitarajia upate wakili.

Mpaka kati ya unasihi na tiba ya kisaikolojia si ukuta. Wapo wanasihi wenye mafunzo marefu wanaofanya kazi ya kina, na wapo wanasaikolojia wanaofanya vikao vichache vya jambo moja. Usitishwe na jina lililo mlangoni. Uliza amesomea nini, kwa muda gani, na nani anamsimamia.

Kinachotokea ukishakaa kitini

Hapa ndipo wanaume wengi hukwama, kwa sababu hawajui kinachofanyika mle ndani, na mtu huogopa asichokijua. Tumchukue mwanaume mmoja wa kubuni. Ana miaka 42. Amepunguzwa kazini na hajamwambia mkewe. Kila asubuhi anavaa na kutoka. Kila jioni anaegesha gari nje, anazima injini, anakaa humo gizani mpaka taa ya chumba cha watoto izimike, ndipo anaingia. Tumwone akiwa katika vyumba vinne.

Kwa mnasihi anaanza kwa kusema yuko sawa, ni usingizi tu unaosumbua. Mnasihi hambishii. Anamuuliza siku yake inakwendaje tangu anapoamka. Akifika kwenye habari ya gari, anasimama. "Ukiwa humo ndani unafikiria nini?" Kimya. "Nafikiria sentensi ya kumwambia." "Ipi?" Kikao kilichobaki kinaishia kwenye sentensi hiyo. Anaijaribu kwa sauti. Mara ya kwanza inatoka kama taarifa ya habari. Anaijaribu tena, sauti inakatika katikati. Anatoka akiwa na siku aliyoichagua ya kuisema na mpango wa watoto kuwa kwa bibi yao jioni hiyo.

Kwa mtaalamu wa tiba ya utambuzi na tabia anakuta karatasi yenye safu nne: tukio, wazo, mwili, tendo. Anaandika: nimefika nje ya nyumba, "nimekuwa mzigo kwa hawa watu", taya limekaza, kifua kinabana, nakaa garini. Wanalitazama wazo lile la mzigo kama dai linalohitaji ushahidi. Nani amelisema? Lini? Wiki inayofuata anapewa jaribio dogo, aingie ndani taa ikiwa bado inawaka, kisha aandike kilichotokea badala ya alichokihofia. Katika mkondo wa kina, swali lingekuwa tofauti kabisa: "Kuna mtu mwingine unayemkumbuka aliyekuwa akikaa nje kabla ya kuingia?" Naye, bila kutegemea, anamkumbuka baba yake kibarazani na kiatu kimoja mkononi, hana haraka ya kukivua cha pili.

Kwenye kundi anakaa vikao viwili bila kusema zaidi ya jina lake. Hakuna anayemlazimisha. Kikao cha tatu mwanaume mwingine, mkubwa kwake, anasema alikuwa akilala ofisini ili asiulizwe maswali nyumbani. Huyu wetu anajikuta anasema, "Mimi hukaa kwenye gari." Mmoja anaitikia kwa kichwa, anajua. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani aliyeiandikia sana tiba ya vikundi, aliihesabu hisia hii ya "kumbe si mimi peke yangu" miongoni mwa mambo yanayoponya kundini. Nafikiri kwa wanaume ina nguvu ya pekee, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba wenzetu wote wanaweza.

Kwa mtaalamu wa wanandoa yuko na mkewe, na mara ya kwanza anasikia upande wa pili. Mke alikuwa akiona taa za gari. Kwa wiki nyingi aliamini kuna mwanamke upande wa pili wa simu. Kadiri alivyouliza ndivyo mume alivyonyamaza. Kadiri mume alivyonyamaza ndivyo alivyouliza kwa ukali. Mtaalamu anawaonyesha mzunguko huo. Tiba ya wanandoa inayolenga hisia, iliyobuniwa na Sue Johnson na Leslie Greenberg katika miaka ya 1980, inafanya kazi hasa hapo: kumsaidia anayejitenga aseme kilicho chini ya ukimya wake, na anayefuatilia aseme hofu iliyo chini ya ukali wake.

Mwanaume ni yuleyule, na vyumba vyote vinne vingeweza kumsaidia, kila kimoja kwa sehemu yake. Kama tatizo lake ni kazi iliyopotea na siri iliyomzidi, chumba cha kwanza huenda kikatosha. Kama kila alipopata tatizo maishani alijificha hivyohivyo, chumba cha kwanza kitampoza tu.

Muda na gharama

Kikao cha mtu mmoja kwa kawaida ni dakika 50, mara moja kwa wiki. Unasihi wa jambo moja mara nyingi huisha ndani ya vikao 6 hadi 12. Tiba ya utambuzi na tabia mara nyingi huhitaji 12 hadi 20, na ina kazi za kufanya nyumbani. Asiyezifanya analipia nusu ya tiba. Tiba ya kina huenda mwaka au zaidi. Kundi hukaa kama dakika 90, ama kwa muhula uliopangwa ama bila mwisho maalumu. Wanandoa mara nyingi huhitaji vikao virefu zaidi ya dakika 50, na ratiba za watu wawili.

Kwa fedha, kundi la kusaidiana mara nyingi ni bure, kundi la tiba ni nafuu kwa kichwa, na tiba ya muda mrefu ndiyo inayokula zaidi. Uliza bila aibu kama bei inapunguzwa kulingana na kipato, kama bima yako inalipia, na kama mwajiri wako ana mpango wa unasihi kwa wafanyakazi. Uliza pia kuhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaofanya kazi chini ya msimamizi. Wengi ni makini sana na bei yao ni ndogo.

Usiri

Kwa vikao vya mtu mmoja, iwe unasihi au tiba, usiri ndio mkubwa zaidi, lakini una mipaka ambayo mtaalamu anatakiwa akueleze siku ya kwanza: hatari ya kujiua, hatari ya kumdhuru mtu mwingine, mtoto anayedhulumiwa, na amri ya mahakama. Asipokueleza, muulize. Kama huduma inalipiwa na mwajiri, uliza kwa uwazi nini kinarudi kazini: idadi ya vikao tu, au zaidi?

Kundini, kiongozi anafungwa na maadili ya kazi yake. Wenzako wanafungwa na ahadi. Ahadi nyingi huheshimiwa, lakini kama wewe ni mtu anayejulikana sana katika eneo lako, pima hilo, au tafuta kundi la mbali au la mtandaoni.

Kwa wanandoa kuna jambo moja ambalo watu hawaliulizi mpaka limewaka moto. Mtaalamu akikuona peke yako siku moja ukamwambia una uhusiano wa nje, atalitunza au atakutaka ulitoe mezani? Wataalamu hutofautiana. Muulize msimamo wake kabla ya kikao cha kwanza.

Ushahidi

Kwa matatizo ya kawaida kama sonona isiyo kali, tofauti kati ya mkondo mmoja wa tiba na mwingine huwa ndogo kuliko watetezi wake wanavyodai. Kinachobashiri vizuri kama utasaidika ni ushirikiano wenu. Mwanasaikolojia Edward Bordin aliugawa mwaka 1979 katika mambo matatu: mnakubaliana lengo, mnakubaliana kazi ya kufanya, na kuna kifungo cha kuaminiana. Ukitoka kikao cha tatu hujui mnaelekea wapi, moja ya hayo halipo.

Kuna matatizo ambayo mbinu yenyewe ina uzito wake. Kwa kiwewe, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, na EMDR. Kinyume chake, kumlazimisha mtu asimulie yote katika kikao kimoja mara tu baada ya tukio hakupendekezwi. Mwanaume aliyenusurika vita, ajali, au aliyedhulumiwa kingono utotoni anahitaji mtu aliyefunzwa kazi hiyo hasa. Kwa aliyedhulumiwa naongeza hili, maana huwatesa wengi kimyakimya: mwili kuitikia wakati ule hakukuwa kukubali. Mtaalamu wa kiwewe analijua hilo na hatashtuka ukilisema.

Kwa wanandoa, tiba inayolenga hisia imefanyiwa utafiti mwingi wenye matokeo mazuri. Kundi la tiba kwa sonona na uraibu nalo limethibitika kusaidia. Dawa hazipingani na lolote kati ya haya. Daktari akikuandikia dawa za sonona, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na usizikatize ghafla bila kumwambia.

Inapokwama

Unasihi hukwama unapogeuka kuwa mazungumzo matamu. Unatoka umetua mzigo, Jumatatu unaubeba tena, na miezi inapita. Ukiona hivyo, mwambie mnasihi, au omba akuelekeze kwenye tiba.

Tiba ya kisaikolojia ina wiki za mwanzo ambazo hali inaweza kuwa ngumu zaidi kabla ya kulegea, hasa ukigusa mambo ya utotoni. Hilo ni la kawaida likiwa na mwisho. Hatari nyingine ni ya mwanaume msomi: anaielewa historia yake yote, anaieleza kwa ufasaha, na habadilishi kitu.

Kundi baya hutawaliwa na msemaji mmoja, au hugeuka kuwa baraza la kuwalaumu wanawake. Unaingia na maumivu, unatoka na hasira iliyonolewa. Kiongozi mzuri hulizuia hilo mapema. Nenda mara mbili au tatu kabla ya kuamua.

Tiba ya wanandoa ina zuio moja kubwa. Kama kuna kipigo, vitisho, au mmoja anamdhibiti mwenzake kwa hofu, kukaa pamoja mbele ya mtaalamu kunaweza kumweka anayeumizwa hatarini zaidi: atakachokisema kikaoni atakilipia nyumbani. Mwanaume anayepiga aanze peke yake, kwenye mpango unaoshughulikia ukatili hasa. Mwanaume anayepigwa, na wapo, naye aanze peke yake, kwa mtu atakayemwamini.

Maswali mawili yanayoulizwa sana

Mtaalamu awe mwanaume au mwanamke? Chagua yule utakayemwambia ukweli. Wapo wanaume wanaoshindana na mwanaume mwenzao hata kitini, na wapo wanaojipamba mbele ya mwanamke. Mwaka 2018 Chama cha Saikolojia cha Marekani kilitoa mwongozo wa kufanya kazi na wavulana na wanaume, na moyo wake ni kwamba mtaalamu auelewe uanaume wa mteja kabla ya kumtaka abadilike. Jinsia yoyote inaweza kulifanya hilo.

Ana kwa ana au kwa video? Kwa sonona na wasiwasi, video inafanya kazi vizuri. Ila uwe na chumba chenye mlango unaofungika. Kikao unachokifanya kwa kunong'ona ili nyumba isisikie hakitakufikisha mbali.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Umefiwa, umeachwa, umepoteza kazi, na kabla ya hapo ulikuwa mtu unayejimudu: anza na unasihi. Ikiwa baada ya vikao sita hivi usingizi haujarudi na bado huoni maana ya kuamka, panda kwenye tiba ya kisaikolojia na umwone daktari.

Tatizo limejirudia katika kazi tofauti, wenza tofauti, miji tofauti: anza na tiba ya kisaikolojia. Ukitaka zana za kutumia wiki hii, chagua ya utambuzi na tabia. Ukitaka kuelewa chanzo na una muda, chagua ya kina.

Ndoto mbaya, kushtuka kwa kila kishindo, kukwepa mahali au watu wanaokukumbusha: mtaalamu wa kiwewe, moja kwa moja.

Pombe au dawa za kulevya ndizo zinazokushikilia: kundi pamoja na mtaalamu. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10, na alama 8 au zaidi zinataka uchunguzi. Kama umekuwa ukinywa sana kila siku, usiache ghafla peke yako. Kutetemeka kunaweza kufuatiwa na degedege na hata kifo. Mwone daktari kwanza, kundi lifuate.

Umezungukwa na watu lakini hakuna anayekujua: kundi. Hata kama unaona huna "tatizo" la kutaja, upweke wenyewe unatosha kukufikisha pale.

Mna mapenzi lakini kila mazungumzo yanaishia kwenye ugomvi au ukimya, na hakuna anayemwogopa mwenzake: tiba ya wanandoa. Mwenza akikataa, usingoje. Anza peke yako na mnasihi.

Umepata mtoto na badala ya furaha una hasira, woga au utupu: nawe unahesabika. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba karibu baba 1 katika 10 hupata sonona kipindi cha ujauzito wa mwenza au baada ya kuzaliwa kwa mtoto. Anza na unasihi au tiba ya utambuzi na tabia, na umwambie mkunga au daktari anayemhudumia mama, kwa kuwa tayari mnaonana naye.

Na kama umesoma mpaka hapa na bado hujui, weka miadi ya kikao kimoja cha tathmini kwa mnasihi au mwanasaikolojia mwenye sifa. Kwenye simu hulazimiki kueleza historia. Sema, "Nina jambo linalonielemea, sijui ni huduma gani inanifaa, naomba tuonane mara moja tuangalie." Akikufaa, mpe vikao vitatu. Asipokufaa, mwambie, "Naomba unielekeze kwa mwingine." Ni ombi analolisikia mara nyingi, na mtaalamu anayejua kazi yake atakupa jina.